Mchezo Ambao Chumba Kizima Kiliukataa

Katika likizo ya Agosti ya mwaka 2013 nilikuwa na umri wa miaka 15, na karibu kila shilingi niliyoipata iliishia katika chumba kimoja cha mabati huko Kondele, Kisumu, ambamo PlayStation 3 mbili zilikuwa zikiwaka kuanzia saa tatu asubuhi hadi usiku. Desturi ya chumba kile ilikuwa ile ile inayojulikana katika mitaa mingi ya Kenya: mechi ya FIFA ina bei yake, anayefungwa ndiye anayelipa, na anayeshinda anabaki na padi mkononi akimngoja mpinzani anayefuata. Kwa hiyo gemu isiyo na mechi, isiyo na wa kufunga wala wa kufungwa, ilikuwa mzigo kwa biashara. Mwenye chumba, ambaye sote tulimwita Anko, alikuwa na diski chache za namna hiyo alizouziwa pamoja na mashine za mtumba, na mojawapo ilikuwa Far Cry 2. Nilikuwa nikimlipa kwa saa, mapema kabla ya foleni kujaa, nikaucheza mchezo ule huku wenzangu wakifika mmoja mmoja, wakisimama nyuma yangu na kuuliza ni nini kile nilichokuwa nikikifanya.

Far Cry 2 ilitolewa Oktoba 2008 na Ubisoft Montreal, chini ya uongozi wa kibunifu wa Clint Hocking. Mchezaji ni mamluki anayeingia katika nchi moja ya Afrika isiyotajwa jina, iliyogawanyika kati ya makundi mawili yenye silaha, akiwa na kazi ya kumtafuta na kumuua mfanyabiashara wa bunduki aitwaye Jackal, ambaye huyauzia makundi yote mawili. Malipo ni almasi. Injini inayouendesha mchezo wenyewe inaitwa Dunia, neno ambalo sisi hatukuhitaji kutafsiriwa. Wahakiki wengi waliusifu ulipotoka, lakini wachezaji waligawanyika tangu mwanzo na hadi leo hawajapatana: wapo wanaouona kuwa kazi bora kabisa ya mfululizo wake, na wapo wanaosema hawajawahi kuchoshwa na gemu kiasi kile. Mimi nimo katika kundi la kwanza, na ningependa kueleza kwa nini, bila kuwadharau wa kundi la pili, kwa sababu kila wanacholalamikia kimo kweli ndani ya mchezo.

Lalamiko lao kubwa ni vizuizi. Nchi ile ina barabara za vumbi zinazokutana katika njia panda, na karibu kila njia panda ina kizuizi chenye walinzi ambao hufyatua risasi mara wakuonapo. Unapigana nao, unawamaliza, unatwaa risasi zao, unaendelea na safari. Kisha unaporudi kwa njia ile ile baada ya muda mfupi, kizuizi kimejaa watu tena kana kwamba hukuwahi kupita. Hakuna eneo unaloliteka likabaki lako. Kwa mchezaji aliyezoea kuona ramani ikibadilika rangi kila anaposhinda, jambo hili ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Siku moja kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alinitazama nikikipigania kizuizi kile kile mara ya tatu, akamgeukia mwenye chumba na kusema, "Anko, huyu unamlia pesa bure, hiyo diski imeharibika." Chumba kizima kilikubaliana naye. Mimi sikuwa na maneno ya kuwajibu wakati ule, ingawa nilijua moyoni kwamba diski ilikuwa nzima na kwamba kile walichokiona kuwa kasoro ndicho kilichokuwa kikinirudisha pale kila asubuhi.

Maneno nimekuja kuyapata baadaye sana. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi ikawaka, yeye alikuwa Nakuru akitarajia kurudi nyumbani siku iliyofuata. Mimi nilikuwa na miaka 9. Nakumbuka moshi juu ya mji wa Kisumu, nakumbuka tukilala chini sakafuni kwa amri ya Mama, na nakumbuka kwamba Baba hakufika kwa siku nyingi. Alipofika hatimaye hakueleza mengi, ila alisema kwamba safari ambayo kwa kawaida ilimchukua sehemu ya siku moja ilikuwa imegeuka kuwa safari ya kizuizi baada ya kizuizi, mawe na magogo na vijana wenye mapanga, na kwamba magogo ambayo polisi waliyaondoa asubuhi yalikuwa yamerudi barabarani kabla ya jua kutua. Katika wiki zile, kabla ya mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari 2008, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walihama makwao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya watu waliokuwa na nyumba mwezi mmoja tu uliopita.

Sisemi kwamba waliouunda mchezo ule Montreal walikuwa wakitufikiria sisi, kwani walikuwa wameshaianza kazi yao muda mrefu kabla ya Kenya kuwaka. Ninachosema ni kwamba vita vya barabarani vina sura yake, na sura hiyo haifanani na ile ya michezo mingi, ambamo adui ni idadi inayopungua mpaka ikafika sifuri. Niliporudi katika njia panda ile na kukuta walinzi wapya wamesimama palipokuwa na maiti, nilikasirika kama wenzangu, lakini hasira yangu ilikuwa na mahali pa kwenda. Mchezo ulikuwa ukiniambia kwamba bunduki yangu haikuwa imetengeneza chochote, kwamba nilikuwa nimepita tu. Mchezaji anayeondoka hapo akisema mchezo unarudia-rudia amesema kweli. Tofauti yangu naye ni kwamba mimi naona marudio hayo ndiyo habari yenyewe ambayo mchezo umekuja kuitoa.

Kisha kuna malaria. Mchezo unaanza ukiwa ndani ya teksi kutoka uwanja wa ndege, dereva akikusimulia hali ya nchi huku watu wakikimbia kuelekea upande mwingine, na kabla hujaifanya kazi yako hata kidogo homa inakuangusha. Unaamka kitandani, dhaifu, na yule uliyetumwa kumuua amesimama mbele yako akikuzungumzia kwa upole, kwa kuwa anajua huna nguvu ya kumdhuru. Kuanzia hapo ugonjwa unakuandama mchezo mzima: mara kwa mara macho yanatia ukungu, mikono inatetemeka, na hufanyi lolote mpaka umeze kidonge. Vidonge vikiisha, lazima uende kwa raia waliojificha uwafanyie kazi ya kuwapelekea wenzao hati za kusafiria, ndipo wakupe vingine. Wachezaji wengi wa ng'ambo wanaichukia sehemu hii kuliko hata vizuizi, wanasema inawakatiza katikati ya raha.

Mimi nimekulia kando ya Ziwa Victoria, katika ukanda ambao malaria haiko mbali na nyumba yoyote. Nimewahi kulala chini ya blanketi mbili saa saba mchana, jua likipasua mabati, meno yakigongana kwa baridi. Kwa hiyo najua vizuri mahali ambapo mchezo umekosea: malaria haitulizwi kwa kidonge kimoja cha papo hapo kisha ikasubiri kwa adabu mpaka wakati mwingine. Dozi ya AL, dawa ya malaria tunayopewa hospitalini, kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na ukivimaliza kama ulivyoelekezwa kwa kawaida unapona. Tangu Septemba 2019 watoto wa kaunti zetu za magharibi wamekuwa wakipewa hata chanjo. Ugonjwa wa mchezo ule ni wa kubuni. Lakini kuna jambo moja ambalo waliliona sawasawa, nalo ni kwamba malaria haikuulizi kama uko tayari. Inakukuta siku ya mtihani, siku ya harusi ya dada yako, siku uliyopata kibarua. Katika gemu nyingi mwili wa mchezaji ni chombo kinachotii. Katika hii mwili una shughuli zake, na wewe unapanga mambo yako kuuzunguka. Nilipokuwa nikipambana na adui kisha skrini ikaanza kuyumba, wenzangu walicheka na kusema ni ujinga wa gemu. Mimi nilisogea nyuma ya mti, nikameza kidonge, nikasubiri, na nikahisi kwamba kwa mara ya kwanza mchezo wa video ulikuwa umezungumza juu ya kitu ninachokijua.

Mambo mengine madogo nayapenda kwa sababu iyo hiyo. Ramani haikai pembeni mwa skrini: unaishika mkononi, karatasi halisi, na ukiitazama huku ukiendesha gari unaweza kuingia mtoni. Bunduki unayoiokota kwa adui ina kutu na inaweza kukwama katikati ya mapigano. Gari likitoa moshi unafungua boneti na kukaza nati kwa spana huku risasi zikipita. Moto ukishika nyasi kavu unafuata upepo, na upepo ukigeuka unakugeukia wewe uliyeuwasha. Katika matoleo ya PlayStation 3 na Xbox 360, ukiwa safarini, mahali pa kuhifadhi mchezo ni nyumba za maficho, na nyingi kati ya hizo ni lazima kwanza uwafukuze wanaozilinda. Hapo stima ya Kondele iliniadhibu kuliko adui yeyote, kwa maana ilikuwa ikikatika bila taarifa na kuniondolea kazi ya saa nzima niliyokwisha kuilipia. Nilijifunza kuipima kila safari kwa umbali wa nyumba ya maficho iliyo karibu, jambo ambalo liliniongezea hofu na, nikiri, mapenzi.

Sasa nifike kwenye kasoro ambayo mimi mwenyewe naiona, na ambayo katika mabishano niliyoyasoma kwa miaka mingi haitajwi hata robo ya vizuizi. Nchi ile haina wenyeji. Ukiwaondoa wapiganaji na mamluki, ukawaondoa watu wachache waliojificha wanaokupa dawa, na mwandishi wa habari Reuben Oluwagembi ambaye anajaribu kuziandika habari za vita vile, hakuna mtu anayeishi pale. Vijiji vimesimama vitupu. Hakuna mama anayeuza samaki, hakuna mtoto aliyetumwa dukani, hakuna mzee aliyekataa kuhama kwa sababu makaburi ya wazazi wake yako pale. Mchezo una sababu yake, kwamba watu wamekimbia vita, nami nimeona kwa macho yangu kwamba watu hukimbia vita. Hata hivyo najua pia kwamba Januari 2008 mitaa ya Kisumu haikuwa mitupu. Watu walikuwamo ndani, wakichungulia kupitia matundu ya madirisha, wakipitishiana unga juu ya ua, wakimficha jirani wa kabila jingine chini ya kitanda. Vita bila watu hao ni nusu ya vita. Na nchi kukosa jina nalo si jambo dogo, kwa sababu asiyeijua Afrika anaweza kuondoka akidhani kwamba nchi yoyote ingefaa kuwekwa pale. Ninaupenda mchezo huu nikiwa nimeyaona haya, na sioni haja ya kuyaficha ili mapenzi yangu yapate kueleweka. Mwishowe hadithi yenyewe inawageukia wale wasioonekana, maana tendo la mwisho linahusu kuwafungulia raia njia ya kuvuka mpaka wakiwa hai, na gharama yake ni kubwa. Nilipofika pale nilisikitika kwamba niliombwa kuwaokoa watu ambao sikuwa nimepewa nafasi ya kuwajua.

Mwaka 2012 ilitoka Far Cry 3, na wenye kulalamika walisikilizwa. Kituo ukikiteka kinabaki chako, malaria imeondoka, bunduki hazishiki kutu. Ulipendwa na wengi sana, na michezo iliyofuata ikafuata njia hiyo. Niliucheza nikaumaliza, ni mchezo mzuri, na leo siwezi kukueleza hata safari moja niliyoifanya ndani yake.

Tangu wakati huo nimejikuta nikivutwa na gemu za namna hii, ambazo watu wanazigombania, na si kwa kupenda ubishi. Gemu ambayo kila mtu anaipenda mara nyingi imeondolewa kila kitu kinachoweza kumkwaza mtu, na ninachokitafuta mara nyingi kilikuwa miongoni mwa vilivyoondolewa. Mwaka 2021, nikiwa nimeanza kazi na kununua PlayStation 4 iliyotumika, nilicheza Death Stranding ya Hideo Kojima, iliyotoka Novemba 2019 na kuwagawanya watu kiasi kwamba baadhi waliuita mchezo wa kutembea na kupeleka vifurushi. Maelezo hayo ni sahihi kabisa. Sam Porter Bridges, ambaye sura yake ni ya mwigizaji Norman Reedus, anabeba mizigo mgongoni kuvuka Marekani iliyoharibika, na kazi yako ni kumsaidia asianguke: ukiupanga mzigo vibaya anayumba, ukishuka mteremko wa mawe kwa haraka anajikwaa, ukivuka mto uliokuzidi kina maji yanauchukua mzigo wote. Vidole viwili vinakaza kamba za mzigo, wa kushoto na wa kulia, kilomita baada ya kilomita, na mvua ya nchi ile inakizeesha kila inachokigusa.

Rafiki yangu wa kazini aliniazima mchezo huo akisema nisiurudishe, kwa kuwa ulikuwa umemchosha katika saa tatu za kwanza. Mimi nilifikiri juu ya wanaume wa mikokoteni wanaopanda kutoka soko la Kibuye na magunia yaliyofungwa kwa ustadi ambao hakuna shule inayoufundisha, na juu ya akina mama wanaotoka ufukwe wa Dunga na beseni za samaki kichwani, shingo imenyooka, macho yakichagua pa kukanyaga hatua tatu mbele. Nilifikiri pia juu ya bodaboda, ambazo zilianzia katika mpaka wetu wa Busia, watu wakipelekwa kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi mwingine, hata jina lenyewe likatokana na mpaka. Kubeba ni ujuzi. Hapa kwetu jambo hilo halihitaji kuthibitishwa, ila sikuwa nimewahi kuona gemu iliyoliamini kiasi cha kulifanya kuwa kiini chake. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ngazi na kamba ambazo wachezaji wengine wamezitega katika nchi zao huonekana katika safari yako. Hukutani nao, huzungumzi nao, lakini unafika kwenye genge ukakuta mtu asiyekujua amekuachia ngazi. Wapo wasioona chochote hapo isipokuwa mwendo mrefu, nami siwalaumu, kwa sababu mwendo ni mrefu kweli.

Kuna namna nyingine ya kugawanyika ambayo siipendi, na nitaitaja kwa ufupi. The Last of Us Part II ilipotoka tarehe 19 Juni 2020, mchezo wa saa nyingi, Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na wachezaji, ilijazwa alama za sifuri na watu ambao wengi wao hawakuwa wamepata hata muda wa kuumaliza, mpaka tovuti ikaamua kwamba wachezaji wasubiri saa 36 baada ya mchezo kutoka kabla ya kutoa alama. Mwigizaji Laura Bailey, aliyeitoa sauti ya mhusika ambaye watu walimchukia, alitumiwa vitisho. Huko si kutofautiana juu ya mchezo. Vijana wa Kondele walioiita diski yangu mbovu walikuwa angalau wamesimama nyuma yangu saa nzima wakiutazama.

Likizo iliyopita binamu yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 16, alikuja kukaa nasi, na kwa kuwa Far Cry 2 ni gemu ya zamani na inafanya kazi vizuri katika kipakatalishi changu, nilimfungulia bila kumwambia lolote juu yake. Jioni ya kwanza alipigana katika kizuizi kimoja mara nne. Nilisikia akiguna, kisha akaniita: "Kaka, hawa watu wanarudi." Nikamwambia ndiyo, wanarudi. Akauliza kama kuna namna ya kuwamaliza kabisa, nikamwambia hakuna, naye akakifunga kipakatalishi na kwenda kula. Sikumsihi. Siku ya pili hakukigusa. Siku ya tatu, stima ilipokuwa imekatika na chaji ikiwa imebaki kidogo, nilimkuta sebuleni gizani ameinamia skrini. Alikuwa ameiacha barabara. Alikuwa ameiangalia ramani ya karatasi, akaona kwamba mto unapita nyuma ya njia panda ile, akatafuta mashua, akasubiri mpaka usiku wa mchezo uingie, na sasa alikuwa ameizima injini na kujiachia mkondo umchukue, taa za kizuizi zikipita polepole upande wa kulia, sauti za walinzi zikisikika wakizungumza. Hakupiga risasi hata moja. Nilivuta kiti nikaketi kando yake, naye akaniinulia mkono, bila kugeuka, kuniashiria ninyamaze.